Kanuni iliyochelewa: mafunzo kutoka kwa baiskeli ya kuegemea



Wiki tatu zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa, mama mmoja wa mtaani kwetu alitusubiri nje ya ofisi ya kamati ya msikiti. Mwanawe, kijana wa miaka 17, huendesha baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, kwa kuwa miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Kijana huyo alikuwa ameomba kushiriki mbio za baiskeli ambazo vijana wa madrasa yetu hushindana kila siku ya pili ya Idd. Kamati ilikaa, ikajadili, ikakataa. Barua ya kukataa tuliiandika sisi wenyewe, kwa mkono huu unaoandika safu hii. Tulieleza humo kwamba mbio zetu ni za baiskeli za magurudumu mawili zinazoendeshwa kwa miguu.

Mama yule hakupaza sauti wala hakutulaumu. Alisema tu, "Ustadh, naomba unioneshe kanuni hiyo imeandikwa wapi."

Tukafungua jalada la michezo, hatukuiona. Tukafungua daftari la mihutasari ya vikao, tukaiona; lakini tarehe yake ilikuwa ya kikao kilekile kilichojadili ombi la mwanawe. Kanuni haikuwepo mpaka kijana alipoomba. Tulimwambia mama tutampa jibu. Akatushukuru, akaenda zake, nasi tukabaki mlangoni na daftari mkononi.

Katika kulitafuta jibu hilo tulisoma habari za mashindano ya baiskeli na kanuni zake, na tukakutana na kisa kilichotufanya tujione kama tunaotazama kwenye kioo. Ni kisa cha baiskeli ambayo wengi wetu hatujapata kuiona, na cha safari ndefu ya huko Ufaransa ambayo baiskeli hiyo huruhusiwa kushiriki.

Baiskeli ya namna gani?

Katika baiskeli tuliyoizoea, mwendeshaji huketi juu ya kiti chembamba, akauinamia usukani, na pedali zikawa chini yake. Katika baiskeli ya kuegemea, kiti ni kipana na kina maegemeo. Mwendeshaji hulaza mgongo na kunyoosha miguu mbele, na pedali huwa karibu na gurudumu la mbele, pengine juu kuliko kiti chenyewe. Mnyororo wake hutoka mbele kabisa hadi gurudumu la nyuma, kwa hiyo ni mrefu zaidi ya mara mbili ya ule wa kawaida. Anayeiona mara ya kwanza hudhani mwenyewe amelala.

Faida yake kubwa ni kuikata hewa. Mwendesha baiskeli aliye tambarare na mwenye kasi hapambani sana na uzito wake. Hupambana na hewa iliyo mbele yake. Akitaka kuongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuishinda hewa humlazimu iongezeke mara nane. Aliyeegemea huionesha hewa sehemu ndogo ya mwili wake, kwa hiyo kwa nguvu zilezile huenda kasi zaidi. Faida ya pili ni nafuu ya mwili: viganja havibebi uzito, shingo haipindwi, na makalio hayachubuki.

Lakini kila chenye faida kina gharama yake. Kwenye mlima, mwendeshaji wa kawaida husimama juu ya pedali akazikandamiza kwa uzito wa mwili wote. Aliyeegemea hana la kufanya ila kusukuma kwa miguu peke yake. Baiskeli yake aghalabu ni nzito zaidi. Kuondoka kutoka kusimama kunahitaji ustadi. Nyayo zilizoinuliwa muda mrefu hufa ganzi au huwaka kama zimekanyaga makaa. Na misuli inayotumika si ileile, hivyo hata bingwa wa baiskeli ya kawaida huhitaji miezi ya kuizoea. Mwenye baiskeli hii, basi, hakununua ushindi. Amechagua taabu ya namna nyingine.

Saa moja ya mwaka 1933

Chanzo cha kisa chetu ni familia. Fundi wa Kifaransa, Charles Mochet, alikuwa akitengeneza magari madogo mepesi. Inasimuliwa kuwa mwanawe, Georges, alitamani baiskeli, lakini mama mtu akaona baiskeli ni hatari kwa mtoto. Baba akamuundia gari dogo la magurudumu manne linaloendeshwa kwa pedali. Mtoto akawa anawapita wenzake wenye baiskeli, na watu wazima nao wakatamani kupata gari kama lile. Mochet akatengeneza la watu wazima, akaliita Velocar. Hatimaye akaunda pia la magurudumu mawili: baiskeli ya kuegemea.

Wakati huo, rekodi iliyoheshimiwa sana katika mchezo wa baiskeli ilikuwa ile ya saa moja: mtu huzunguka uwanjani peke yake kwa saa moja, kisha hupimwa amekwenda umbali gani. Mwaka 1914 Oscar Egg wa Uswisi alikwenda kilomita 44.247, na rekodi yake ikadumu karibu miaka 19. Mochet akamtafuta mwendeshaji wa kuijaribu kwa baiskeli yake, akampata Francis Faure. Faure hakuwa miongoni mwa vinara wa zama zake. Aliyejulikana zaidi alikuwa ndugu yake, Benoît, mpanda milima hodari wa mbio za Tour de France. Watu walimcheka Faure kwa kulala juu ya baiskeli, hadi walipoanza kuachwa naye nyuma. Inaelezwa pia kuwa Mochet, kabla ya jaribio hilo, aliliandikia Shirikisho la Kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, kuuliza kama kuna kizuizi chochote, akajibiwa kuwa hakipo.

Tarehe 7 Julai 1933, jijini Paris, Faure alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Alimzidi Egg kwa mita 808. Mwezi uliofuata, Mfaransa mwingine, Maurice Richard, akiwa juu ya baiskeli ya kawaida, alikwenda kilomita 44.777. Naye pia alikuwa amempita Egg, lakini hakumfikia Faure. Shirikisho likawa na swali zito: mwenye rekodi ni nani?

Jibu lilikuja mwaka 1934. Shirikisho liliandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, likaweka vipimo vya mahali pa kiti na mahali pa pedali, na kwa vipimo hivyo baiskeli ya Mochet ikatoka nje. Kanuni hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1934. Richard akatambuliwa, na saa ya Faure ikawekwa kando. Mochet alifariki dunia mwaka huohuo. Mwaka 1939 Faure, akiwa ndani ya baiskeli ya aina hiyo iliyofunikwa kuzuia upepo, alipita kilomita 50 kwa saa moja, lakini mlango ulikuwa umekwishafungwa. Hadi leo baiskeli ya kuegemea hairuhusiwi katika mashindano yaliyo chini ya shirikisho hilo.

Uadilifu unatutaka tuseme na hoja ya upande wa pili. Walioikataa baiskeli ile walitaka mbio ziwe za kupima miguu ya watu na si akili ya mafundi. Walitaka pia mtu wa leo aweze kulinganishwa na mtu wa jana. Hoja hiyo ina uzito, nasi tulipokuwa kikaoni tulitoa hoja inayofanana nayo. Tatizo ni wakati wake. Iliandikwa baada ya aliyedharauliwa kushinda, na iliandikwa kwa namna ambayo haikumwachia mahali popote. Kanuni yaweza kuwa nzuri, lakini ikiandikwa baada ya kumtazama usoni atakayezuiwa nayo, hata aliyeiandika hana uhakika kama ameandika kanuni au ameandika jina la mtu.

Njia ya Brest

Ipo, hata hivyo, safari moja ya zamani huko huko Ufaransa ambayo baiskeli ya kuegemea imepata nafasi. Huitwa Paris-Brest-Paris. Waendeshaji hutoka upande wa Paris, huvuka nchi kuelekea magharibi hadi mji wa bandari wa Brest ulioko kwenye Bahari ya Atlantiki, kisha hurejea walikotoka. Jumla ni takriban kilomita 1,200.

Safari hiyo ilianzishwa mwaka 1891 na gazeti la Le Petit Journal, ikiwa ni mbio za ushindani. Mshindi wa kwanza, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika 22, pasipo kulala. Waendeshaji wa kulipwa waliishindania mara ya mwisho mwaka 1951. Tangu hapo imebaki ya watu wa kawaida, ikisimamiwa na klabu ya Audax Club Parisien, na sasa hufanyika kila baada ya miaka minne. Mwaka 2023 iliwakusanya zaidi ya watu 6,000 katika mji wa Rambouillet, kusini magharibi mwa Paris, wakiwemo wanaume na wanawake, na wazee waliopita miaka 60.

Kinachotuhusu ni namna safari hii ilivyopangwa. Hatangazwi mshindi wa kwanza wala hapana zawadi ya fedha. Kuna muda, na aliye wengi huchagua saa 90. Anayerudi ndani ya muda huo amefaulu, awe wa mwanzo au wa mwisho, anayechelewa hakufaulu. Baiskeli za kuegemea, za watu wawili na za magurudumu matatu hupangiwa kundi lao la kuondokea, ili wasigongane na wengine. Baada ya hapo barabara ni moja, milima ni ileile, na saa ni ileile.

Mtu hakubaliwi kwa kutamani tu. Ni lazima kwanza akamilishe safari nne za majaribio: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, na 600 kwa saa 40. Kanuni hizi zinajulikana kabla, na humhusu kila mmoja. Haulizwi anaegemea au anainama. Huulizwa kama amefika.

Njiani kila mtu hubeba kadi. Katika kila kituo cha ukaguzi, kama Fougères, Loudéac na Carhaix, hugongewa mhuri na kuandikiwa saa. Vipo pia vituo vya siri, ambavyo mtu havijui mpaka avifikie, ili asiwepo wa kujipunguzia njia gizani. Gari la kumsaidia haliruhusiwi kumfuata barabarani; msaada hutolewa vituoni tu. Usiku ni sharti awe na taa na kizibao kinachong'aa.

Tumfikirie basi aliyeegemea katika safari hiyo. Saa 90 kwa kilomita 1,200 ni wastani wa kilomita 13 na ushei kwa saa, na mtoto wa shule anaweza kudhani ni mwendo mdogo. Lakini saa haisimami wakati wa kula, wa kuziba pancha, wala wa kulala. Akitembea kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, saa 60 zimekwisha barabarani, na zinabaki 30 kwa mengine yote katika mausiku matatu au manne. Tena njia si tambarare: ni vilima vinavyofuatana kutwa nzima, na jumla ya kupanda kwake hupita mita 10,000. Huyu hupaa kwenye mteremko akawaacha wenzake, kisha kilima kinapoanza huwaona wakimfikia mmoja mmoja, wakimpita huku wamesimama juu ya pedali, na yeye akisukuma kwa magoti. Kilima kikiisha huwafuata tena. Huo ndio mchezo wake usiku na mchana: kupita na kupitwa. Akiona aibu kupitwa hataimaliza siku ya kwanza.

Hatari yake nyingine ni usingizi. Kitanda chake anacho chini yake, na macho yake yameelekea mbinguni. Wapo wanaolala kandokando ya barabara wakiwa wamejifunika vitambaa vyembamba vya kuzuia baridi, dakika 20, kisha wakaendelea. Mwaka 2007 mvua na upepo viliandamana na waendeshaji takriban safari nzima, na wengi sana waliacha njiani. Hapa tunakumbuka mafundisho ya Salman al-Farisi kwa ndugu yake Abu Dardaa (RA), ambayo Mtume (SAW) aliyathibitisha: kwamba nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao, kama ambavyo Mola ana haki yake. Anayeacha safari ili asiue nafsi yake kwa usingizi hakushindwa. Amelipa deni la mwili. Na Muislamu anayekwenda safari kama hii ni msafiri. Sheria imempa ruhusa ya kupunguza Swala za rakaa nne na kuzikusanya baadhi. Haikumpa ruhusa ya kuziacha.

Jambo jingine lililotugusa ni wenyeji. Katika vijiji vya njiani, watu wazima na watoto hutoka nje na meza zao hata usiku wa manane, wakawapa wapitao maji, kahawa na vyakula, mara nyingi bila malipo. Wapo wanaoomba kitu kimoja tu: mpita njia akifika kwao awatumie kadi ya posta. Hawamuulizi anaendesha baiskeli ya namna gani kabla ya kumpa maji.

Ngamia wa Mtume (SAW)

Muislamu hahitaji kwenda Brest kujifunza adabu ya mbio. Mashindano yalikuwepo Madina, na Mtume (SAW) mwenyewe aliyasimamia na kuyashiriki.

Katika yaliyopokewa kutoka kwa Anas (RA) kuna habari ya Al-Adhbaa, ngamia jike wa Mtume (SAW), ambaye hakuwa akishindwa katika mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akamshinda. Jambo hilo likawauma Waislamu hadi uchungu ukaonekana kwao. Tuitazame nafasi ile. Aliyeshindwa ni ngamia wa kiongozi wa dola. Aliyeshinda ni mtu wa jangwani asiyejulikana. Wangeweza kusema ngamia yule ni mdogo mno wa umri, hastahili kuhesabiwa. Wangeweza kusema mbio za Madina ni za ngamia wa Madina. Mtume (SAW) hakubadilisha chochote. Aliwafundisha kuwa ni katika haki ya Allah (SW) kwamba hakuna cha kidunia kinachoinuka isipokuwa hukishusha. Bedui akabaki na ushindi wake, na masahaba wakabaki na somo.

Habari ya pili imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar (RA), ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Mtume (SAW) alipoandaa mbio za farasi, wale waliokuwa wametayarishwa kwa mazoezi na lishe aliwawekea njia ya kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, ambayo wapokezi wanaikadiria kuwa maili tano au sita. Wale ambao hawakutayarishwa aliwawekea kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja hivi. Hakuwachanganya, kwa kuwa huko kungekuwa ni kuwadhulumu. Na hakuwafukuza wasio tayari, kwa kuwa huko nako kungekuwa ni kuwanyima. Aliwatenga kwa namna iliyowapa wote mwanzo, mwisho na mshindi.

Hapa ndipo tulipoona kosa letu waziwazi. Kutenganisha si dhulma. Ni sunna iliyothibiti. Dhulma ni kutenganisha kwa kumwacha mtu nje ya uwanja, kisha tukaiita hiyo kanuni.

Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, tusimsahau Bibi Aisha (RA). Alisimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (SAW) wakiwa safarini, akamshinda. Na baada ya muda, mwili wake ulipokuwa umenenepa, wakashindana tena, Mtume (SAW) akamshinda, akamwambia kwa upole kuwa huku ni kulipiza kule. Tunajifunza kuwa Mtume (SAW) aliukumbuka ushindi wa mkewe miaka yote ile na hakuufuta. Ni wangapi kati yetu tunaocheza na watoto wetu, wakitushinda tunasema mchezo haukuhesabiwa?

Jibu tunalompelekea mama

Tumeandika pendekezo litakalosomwa katika kikao cha kamati kijacho, na tunaliweka hapa ili wasomaji, wakiwemo waumini wa msikiti wetu, watuhukumu nalo.

Kwanza, kanuni ya kikao kile ifutwe. Kanuni za mbio za mwaka huu ziandikwe sasa, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo msikitini mwezi mzima kabla ya Idd, na baada ya hapo asiziguse mtu yeyote, hata akishinda asiyetarajiwa.

Pili, pawe na kundi la baiskeli zinazoendeshwa kwa mikono na nyinginezo zisizo za kawaida, liondoke mapema kuliko kundi kubwa. Mzee mmoja wa kamati alikuwa na hoja ya kweli: chombo cha chini hakionekani upesi na madereva. Hoja hiyo haijibiwi kwa kumzuia kijana. Inajibiwa kwa bendera ndefu nyuma ya kiti, kizibao kinachong'aa, na vijana wawili wa kusimamisha magari kwenye njia panda.

Tatu, na hili ndilo lililotukwamisha zaidi: kijana huyu yuko peke yake. Atashindana na nani? Tukimpa kikombe kwa kuwa ni wa kwanza katika kundi la mtu mmoja, tutakuwa tumempa sadaka mbele ya watu, naye hakuomba sadaka. Hapa ndipo njia ya Brest iliposaidia. Tumpangie umbali na muda, muda usio wa kumhurumia. Tumpe kadi yenye nafasi tatu za mihuri: msikitini, sokoni, na kwenye shule ya msingi. Akirudi ndani ya muda, amefaulu. Akichelewa, hakufaulu, na atajaribu mwakani kama wengine. Na kundi hilohilo la muda liwe wazi kwa yeyote anayetaka kujipima, awe baba mwenye tumbo au mzee mwenye baiskeli yake ya miaka thelathini. Tunatumaini hatakuwa peke yake kwa muda mrefu.

Nne, barua iliyoandikwa na katibu haifutwi kwa tangazo ubaoni. Jumamosi hii, Inshaallah, tutakwenda nyumbani kwao na daftari lile, tumuoneshe mama ile tarehe, na tumuombe radhi kijana mwenyewe kwa kinywa chetu. Anaweza kukubali kushiriki, na anaweza kukataa. Akikataa, kukataa huko ni haki yake, na pendekezo litabaki palepale kwa ajili ya atakayekuja baada yake.

Tunawaomba wazazi nao watusaidie katika jambo moja. Kabla ya Idd, kaeni na watoto wenu wenye baiskeli nzuri na miguu mizima, mwasimulie habari ya bedui na Al-Adhbaa. Mbio hizi zina washindi wachache na washindwa wengi, na madrasa yetu imefundisha zaidi namna ya kushinda kuliko namna ya kushindwa.

Tunamuomba Allah (SW) atukinge na kanuni tunazoziandika kwa ajili ya nafsi zetu huku tukizipa jina la haki, atusamehe ile tuliyokwisha kuiandika, na awape nguvu wote walio njiani, waendao kwa miguu na waendao kwa mikono.

Wabillahi tawfiq.